Utomvu wa Papai wa Beni na Ukungu wa Bia: Historia ya Protini Zinazoshikana

Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, mashamba mengi ya mipapai yaliyotanda kati ya mji wa Beni na miteremko ya Ruwenzori hayakulimwa kwa ajili ya tunda. Kilichotafutwa ni utomvu mweupe unaotoka kwenye ganda la papai bichi linapochanjwa, utomvu ambao ukishakaushwa na kusagwa huitwa papaini, na ambao ulivuka mipaka na bahari hadi kuingia katika viwanda vya bia, vya nyama na vya dawa vya Marekani na Ulaya. Viwanda vya bia viliuhitaji kwa sababu ya kikemia: baadhi ya protini za shayiri zinazobaki ndani ya bia hukusanyika zenyewe kinywaji kinapopozwa, zikafanya ukungu ambao mnywaji huudhania kuwa uchafu, na papaini ilikuwa njia rahisi ya kuuzuia. Kwa hiyo historia ya zao hili la Kivu ya Kaskazini, jimbo la mashariki mwa Kongo, haielezeki kwa bei, barabara na vita peke yake. Inahitaji kuelezwa pia kwa tabia ya protini ya kushikana, na kwa jinsi wataalamu walivyozidi kuielewa tabia hiyo hadi wakafika mahali pa kuweza kuuacha utomvu huo.

Mpapai si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka Amerika ya Kati, ukasambazwa katika nchi za joto na mabaharia wa Kihispania na wa Kireno, na ukapata makao mazuri popote palipo na joto, mvua na udongo usiotuamisha maji. Katika Kivu ya Kaskazini, masharti hayo hutimia zaidi upande wa chini kuliko upande wa juu. Nyanda za Lubero, kuanzia Butembo, ulioko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuelekea kusini hadi Kirumba na Kayna, ni nchi ya maharagwe, viazi na mikwinini, ambako baridi ya usiku haiufai mpapai. Bali ukishuka kuelekea Beni, Mutwanga na bonde la Semliki, joto huongezeka na mti huo hukua upesi na kutoa utomvu kwa wingi. Ndiyo sababu jina la Beni lilishikamana na papaini, ilhali Butembo, mji wa wafanyabiashara, ulihusika zaidi na ununuzi, uhifadhi na usafirishaji wake.

Uvunaji wake ni kazi ya alfajiri. Papai bichi lililokwisha kukua huchanjwa kwa wembe mistari michache ya wima, isiyozidi milimita chache kwa kina, kwa kuwa mchanjo mzito hufika kwenye nyama ya tunda na kuliharibu, na utomvu hudondokea kwenye chombo kilichotandazwa kuzunguka shina. Baada ya siku chache tunda lilelile huchanjwa tena mahali pengine. Ndani ya dakika chache tu utomvu huanza kuganda wenyewe juu ya jeraha, kwa sababu kwa mti ule utomvu ni kinga: huziba kidonda, na vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, huyeyusha protini za wadudu wanaojaribu kula majani. Wavunaji wanaijua kinga hiyo kwa ngozi zao, maana utomvu huwasha na kuchubua mikono isiyo na glavu.

Ili kuelewa kwa nini utomvu huo ulipata thamani, inafaa kueleza kwanza protini ni nini na hushikana kwa namna gani. Protini ni mnyororo mrefu wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, ambavyo viko vya aina 20, na mnyororo huo haukai ukiwa umenyooka bali hujikunja katika umbo maalumu. Baadhi ya viungo hivyo hupatana na maji, vingine huyakimbia. Katika kujikunja, vile vinavyoyakimbia maji hufichwa ndani, na vile vinavyopatana nayo, pamoja na vile vyenye chaji za umeme, hubaki nje. Maadamu mpangilio huo umesimama, molekuli moja ya protini huelea karibu na nyingine bila kuigusa kwa muda mrefu, kwa kuwa chaji zinazofanana husukumana. Lakini joto, asidi, chumvi, au hata kutikiswa kukiufungua mkunjo huo, sehemu zilizofichwa hutokeza nje, zikakutana na sehemu kama hizo za molekuli jirani, na kwa kuwa zote zinayakimbia maji, hushikana. Hapo molekuli mbili huwa nne, nne huwa mia, na hatimaye huwa donge kubwa kiasi cha kuutawanya mwanga. Kile kilichokuwa maji maangavu huonekana cheupe au cha ukungu.

Maelezo hayo yanayotolewa leo kwa aya moja yalichukua karibu karne nzima kupatikana. Mwaka 1861 mkemia Thomas Graham, Mskoti aliyefanya kazi London, alitenganisha vitu vinavyopita kwenye utando mwembamba, kama chumvi na sukari, na vile visivyopita, kama gundi na ute wa yai, akaviita hivi vya pili koloidi. Mwaka 1888 Franz Hofmeister, aliyekuwa Prague, alipanga chumvi mbalimbali kwa kufuata uwezo wake wa kuzifanya protini za yai zitengane na maji, na mpangilio wake bado unatumika. Marian Smoluchowski, mwanafizikia wa Kipoland, alionyesha katika maandishi yake ya 1916 na 1917 jinsi kasi ya kuganda inavyoweza kukokotolewa kutokana na mgongano wa chembe zinazotangatanga ovyo ndani ya kimiminika. Kisha mwaka 1931, mjini Beijing, Hsien Wu akatoa hoja kwamba protini kuharibika si kukatika bali ni kukunjuka, hoja ambayo wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani waliichelewea. Walter Kauzmann wa Marekani ndiye aliyeeleza kwa ukamilifu, mwaka 1959, kwamba kuyakimbia maji kwa baadhi ya viungo ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya uimara wa mkunjo.

Watengenezaji wa bia hawakungoja maelezo hayo. Kimea cha shayiri huacha ndani ya bia mabaki ya protini, na pumba za shayiri pamoja na maua ya hopsi huacha polifenoli, yaani kemikali za jamii ya tanini zinazokausha ulimi mtu anywapo chai kali. Vitu hivi viwili vikiwa katika bia vuguvugu huelea kwa amani. Bia ikishushwa hadi karibu na nyuzi sifuri, huungana kwa vifungo dhaifu na kufanya chembe ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na bia huonekana imechafuka. Ikirudishwa kwenye nyuzi 20 hivi, vifungo hulegea na ukungu hupotea. Hata hivyo, mzunguko huo ukirudiwa mara nyingi, au oksijeni ikiingia, vifungo dhaifu hufuatwa na vifungo vya kudumu, na ukungu wa aina hiyo hauondoki tena kwa kupashwa joto. Haudhuru afya wala haubadilishi sana ladha. Mnywaji wa kasiksi, ile pombe ya ndizi ya Kivu ambayo ni nzito na ya mawingu tangu inapotoka kwenye mtungi, hawezi kuona kasoro yoyote hapo, na pengine yeye ndiye mwenye hukumu ya haki zaidi. Lakini bia ya kiwandani ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa sifa ya uangavu wake, na katika glasi ya kioo sifa hiyo haina mahali pa kujificha.

Tatizo hilo lilikua pale bia ilipoanza kusafirishwa mbali kwa reli ikiwa ndani ya chupa, kisha kuwekwa kwenye barafu na mnunuzi asiyemjua mtengenezaji. Mwaka 1911 Leo Wallerstein, mkemia wa New York aliyeendesha pamoja na ndugu yake Max maabara ya kuhudumia viwanda vya bia, alipata hataza za Marekani za kutumia vimeng'enya vinavyokata protini, papaini ikiwa miongoni mwake, ili kuizuia bia isifanye ukungu katika baridi. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: ikiwa protini ndefu ndizo zinazoshikana, basi zikatwe ziwe fupi kabla hazijakutana na baridi. Gramu chache za papaini zilitosha kwa lita 100 za bia. Zaidi ya hayo, papaini ina sifa adimu ya kuvumilia joto, hata ikafanya kazi kwa nguvu zaidi karibu na nyuzi 60, yaani katika joto lilelile ambalo chupa za bia hupitishwa ili kuua vijidudu. Marufuku ya pombe nchini Marekani, iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933, iliikatiza biashara hiyo. Ilipoondolewa, na mikebe ya bia ikafuata mwaka 1935 na jokofu likaenea majumbani, mahitaji ya papaini yakapanda.

Papaini yenyewe ilikuwa imekwisha kupata jina na maelezo. Mnamo 1874 daktari G. C. Roy aliandika kuhusu nguvu ya maji ya papai ya kuyeyusha nyama, na mwaka 1879 Wafaransa Adolphe Wurtz na Eugène Bouchut walikitenga kimeng'enya hicho na kukiita papaini. Wakulima wa nchi nyingi za joto walikwisha kulijua jambo hilo bila maabara, kwani desturi ya kuifunga nyama ngumu katika majani ya mpapai kabla ya kuipika ni ya zamani. Nyama ngumu nayo ni suala la protini zilizojipanga: nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia misuli na ngozi, hujijenga zenyewe kwa mpangilio madhubuti kiasi kwamba zinahitaji moto wa muda mrefu au kimeng'enya ili zilegee. Mwaka 1937 A. K. Balls na wenzake katika wizara ya kilimo ya Marekani walifanikiwa kuifanya papaini ijipange katika fuwele, ishara kwamba walichokuwa nacho mkononi ni dutu moja safi na si mchanganyiko. Mwaka 1968 Jan Drenth na wenzake wa Groningen, Uholanzi, walionyesha umbo lake lote: mnyororo wa asidi amino 212, uliokunjika katika nusu mbili, na katikati yake mfereji ambamo protini nyingine huingia na kukatwa.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Ceylon, inayoitwa leo Sri Lanka, ndiyo iliyokuwa muuzaji mkuu. Baadaye Afrika Mashariki na Kongo ya Wabelgiji ziliingia sokoni kwa nguvu. Tanganyika, Uganda na Kivu zote zilikuwa na nchi ya joto na wakulima wa kazi ya mikono. Katika Kivu, Comité National du Kivu, chombo kilichoundwa mwaka 1928 ili kugawa ardhi kwa walowezi, kilikuwa kimewapa Wazungu mashamba ambamo kahawa, chai, mkwinini na mpapai vilijaribiwa. Uhuru wa mwaka 1960, kisha agizo la Rais Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973 la kuhamishia biashara na mashamba ya wageni mikononi mwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, yalivuruga mashamba makubwa, lakini papaini ilikuwa na faida ambayo kahawa na chai hazikuwa nayo: haikudai kiwanda kikubwa wala shamba kubwa. Familia yenye miti michache, wembe na mahali pa kukaushia iliweza kuizalisha, na gunia dogo lilibeba thamani kubwa.

Sifa hiyo ya thamani kubwa katika uzito mdogo ndiyo iliyoifanya papaini ipendwe na wafanyabiashara wa Butembo katika miaka ya 1970 na 1980, wakati barabara za Zaire zilipokuwa zimeharibika na fedha ya nchi haikuaminika. Pamoja na kahawa na dhahabu, ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizovuka mpaka wa mashariki kwa njia rasmi na zisizo rasmi, na fedha za kigeni zilizopatikana zilirudi zikiwa malori, vipuri na vitambaa. Mjini Beni, kampuni ya ENRA, ambayo jina lake kamili lilitangaza wazi kuwa ni chama cha wasafishaji wa vimeng'enya, ilijengwa juu ya zao hili kabla ya kuhamia kwenye mbao. Ni jambo la kustahili kuzingatiwa kwamba katika eneo lenye kahawa, chai na mbao, kampuni ilijipa jina kwa kuzingatia molekuli.

Ubora wa papaini, hata hivyo, hauonekani kwa macho, na hapa ndipo tabia ya protini ya kushikana inapomrudia mkulima kwa njia nyingine. Utomvu uliokaushwa juani polepole hubadilika rangi kuwa kahawia na kupoteza nguvu; uliokaushwa katika tanuri la joto la wastani, karibu nyuzi 50 hadi 55, hubaki mweupe na wenye nguvu; ulioachwa katika moto mkali zaidi kwa muda mrefu huwa papaini iliyokunjuka na kushikana yenyewe, yaani unga usiofanya kazi. Kuna pia oksijeni, ambayo hukiharibu kiungo kimoja chenye salfa, sisteini ya 25 katika mnyororo, ambacho ndicho kinachofanya kazi ya kukata. Ndiyo maana chumvi za salfaiti huongezwa kwenye utomvu kabla ya kukaushwa. Mkulima anayekosa tanuri hukosa bei, na kwa hesabu ya kikemia anapoteza kwa sababu ileile iliyompatia soko.

Kipimo cha nguvu hiyo, kilichotumiwa na wanunuzi kwa muda mrefu, ni maziwa. Papaini ya kiasi kinachojulikana huwekwa katika maziwa vuguvugu yaliyotayarishwa kwa kipimo, kisha huhesabiwa muda unaopita hadi mabonge ya kwanza yaonekane. Kadiri muda unavyokuwa mfupi ndivyo kimeng'enya kilivyo na nguvu. Balls na mwenzake Hoover walikieleza kitendo hicho cha kugandisha maziwa mwaka 1937. Msomaji makini ataona kitendawili hapa: kimeng'enya kinachozuia protini za bia zisishikane ndicho kinachosababisha protini za maziwa zishikane. Kitendawili hicho kinafumbuliwa na muundo wa maziwa. Sehemu kubwa ya protini za maziwa ya ng'ombe, takribani asilimia 80, ni kaseini, na kaseini haielei molekuli mojamoja bali hujikusanya na kalsiamu na fosfeti katika vijitufe vya maelfu ya molekuli. Juu ya kila kijitufe hukaa aina maalumu, iitwayo kapa-kaseini, iliyotambuliwa mwaka 1956 na David Waugh na Peter von Hippel nchini Marekani, ambayo mikia yake yenye chaji hutokeza nje mithili ya manyoya na kuvizuia vijitufe visikaribiane. Papaini ikiyakata manyoya hayo, kinga huondoka, na vijitufe huanza kugongana na kunata.

Kwa dakika za mwanzo hakuna kinachoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya manyoya lazima ikatwe kwanza. Kisha kuganda hutokea ghafla, kwa kasi ambayo hesabu za Smoluchowski zingeweza kuikadiria. Katika bia, kinyume chake, protini hazina manyoya ya kuzilinda, na kuzikata huzifanya ziwe fupi mno kuunganishwa. Kwa hiyo kukata peke yake si kuzuia wala si kuchochea kushikana. Matokeo hutegemea ni nini kilichokuwa kikizitenganisha protini kabla ya kisu kufika. Kuhusu jibini, papaini haikufaa sana, maana haijui kuacha: reneti, yaani kimeng'enya cha tumbo la ndama, hukata mahali pamoja tu pa kapa-kaseini, lakini papaini huendelea kukata kila mahali hadi jibini linakuwa laini na chungu. Jibini la Masisi, eneo jingine la Kivu ya Kaskazini, lililouzwa hadi Butembo na Kinshasa, halikuwa na haja nayo.

Historia ya papaini ina tawi jingine ambalo halikuhusu bia, nalo lilirudi Beni kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1959, mjini London, Rodney Porter alitumia papaini kukata kingamwili za sungura, yaani protini za damu zinazotambua vijidudu, akapata vipande vitatu: viwili vilivyofanana, vyenye uwezo wa kumshika adui, na kimoja ambacho, kilipowekwa kwenye baridi, kilijipanga chenyewe katika fuwele. Kutokana na vipande hivyo umbo la kingamwili likajulikana, na Porter akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972 pamoja na Gerald Edelman. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa, ukianzia Mangina karibu na Beni, nao ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umewaua watu 2,287. Katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina yalifanyika majaribio ya dawa nne, na mbili zilizoshinda zilikuwa za kingamwili. Moja, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kazi iliyomhusisha mtaalamu wa virusi wa Kongo, Jean-Jacques Muyembe. Dawa za aina hiyo zina adui mkuu mmoja ndani ya chupa, nao ni kushikana kwa protini: zikipata joto au zikitikiswa kwa nguvu huweza kufanya madonge, zikapoteza kazi na hata kuudhi mwili wa mgonjwa. Kwa sababu hiyo mAb114 hutengenezwa ikiwa unga mkavu uliokaushwa kwa baridi, huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na huchanganywa kwa kuzungushwa taratibu.

Turudi kwenye bia, ambako elimu iliyotafutwa ili kuutumia utomvu vizuri ndiyo iliyoupunguzia soko. Mwaka 1982 Asano na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba si protini zote za bia zinazofanya ukungu, bali hasa zile zinazotokana na hordeini, akiba ya protini ya punje ya shayiri, ambazo zina wingi wa kiungo kimoja kiitwacho prolini. Katika miaka ya 1990 Karl Siebert wa Chuo Kikuu cha Cornell alieleza namna yake: polifenoli hushika prolini, na kwa kuwa kila polifenoli ina zaidi ya upande mmoja wa kushikia, huunganisha protini mbili, na protini yenye prolini nyingi huunganishwa na polifenoli nyingi, hadi mtandao unakamilika. Ukungu huwa mwingi kabisa pale idadi ya nafasi za kushikia inapolingana kwa pande zote mbili; upande mmoja ukizidi sana, mtandao haukamiliki na bia hubaki angavu.

Maarifa hayo yaliiweka papaini mahali pabaya. Kwanza, ilionekana kuwa inakata hata protini zisizo na hatia, zikiwemo zile zinazojipanga juu ya viputo na kulishikilia povu, na hakuna mnywaji anayefurahia bia angavu isiyo na povu. Pili, vitu vingine vilivyokwisha kuingia viwandani tangu miaka ya 1960, kama vile unga wa silika unaozinasa protini zenye prolini na kuchujwa nje, viliweza sasa kutumiwa kwa ufahamu zaidi. Tatu, kampuni ya DSM ya Uholanzi ilileta sokoni, katika muongo wa kwanza wa karne ya 21, kimeng'enya cha kuvu kinachokata penye prolini tu, kazi ambayo wataalamu wake waliieleza mwaka 2005. Papaini ilithaminiwa kwa kuwa haichagui. Ilipojulikana cha kuchagua, sifa hiyo ikawa kasoro. Kwa upande wa dawa, mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza marhamu za papaini zilizokuwa hazijaidhinishwa ziondolewe sokoni. Kimopapaini, kimeng'enya ndugu kutoka utomvu uleule kilichoidhinishwa nchini humo mwaka 1982 kwa kudungwa katika diski za uti wa mgongo, nacho kiliachwa kuuzwa mwaka 2003.

Kilichoukuta mpapai wa Beni hakikutoka nje peke yake. Vita vilivyoanza 1996 vilikata njia za biashara, ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umekwisha kuangamiza kahawa ya robusta ya eneo hilo na kuwalazimisha wakulima kutafuta zao jingine, na wengi walichagua kakao. Mashambulizi yaliyozidi kuanzia Oktoba 2014 katika eneo la Beni yaliwafukuza watu mashambani, na papaini, inayotaka mvunaji awe shambani alfajiri kila baada ya siku chache, ni miongoni mwa mazao yasiyostahimili hali hiyo. Kakao humngoja mwenyewe siku kadhaa, papai lililochanjwa halingoji. Hata hivyo papaini bado inanunuliwa duniani kwa kulainisha nyama, kwa ngozi za viwandani, kwa virutubisho vya mmeng'enyo na kwa kazi za maabara, na nchi ya chini ya Ruwenzori haijapoteza joto wala mvua yake.

Udhaifu wa biashara ile ulikuwa katika kipimo. Mnunuzi alijua nguvu ya unga, muuzaji alijua uzito wake tu, na bei ilipangwa na yule aliyejua. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichofunguliwa mwaka 1989 na chenye kitivo cha kilimo, na kipimo cha kugandisha maziwa kinahitaji maziwa ya unga, mizani nzuri, maji vuguvugu ya joto lisilobadilika na saa. Vyama vya wakulima wa Mutwanga na Beni vitakavyotaka kulirudia zao hili vikiombe chuo hicho kipimo hicho kabla ya kuomba miche, na vikifanye katika ghala lao wenyewe, mbele ya mnunuzi, kabla gunia halijawekwa kwenye mizani.